Mama Shoti, Mwalimu wa Wauguzi: Mboni Elieza (1964–2025)

Ndugu, jamaa na majirani, mpendwa wetu Mboni alizaliwa Ilala tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa pili wa fundi cherehani, Mzee Elieza. Alisoma hapo hapo Ilala, na mwaka 1987 akahitimu uuguzi.

Mwaka 1991 alifunga ndoa na Steven, muuza vitenge wa Kariakoo, wakahamia Mchafukoge. Mungu akawajalia binti, Nice.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha wauguzi wa wagonjwa wa akili tiba ya umeme, ule unaopitishwa kichwani. Wanafunzi waliingia na hofu. "Nyie mmeona sinema!" aliwatania. "Mgonjwa analazwa usingizi kwanza, misuli inalegezwa, hasikii kitu. Wewe mshike mkono, na akiamka umwambie yuko wapi. Hakuna aibu hapa." Mtaani walimwita Mama Shoti, naye akaitika.

Steven alifariki mwaka 2018. Mboni akashikwa na sonona, akaacha kula, akaacha kuoga, hata kusema ikawa kazi. Daktari alipotaja umeme, loh! Mwalimu mzima alitamani ardhi ipasuke aingie. Aliwaaga majirani kwamba anaenda semina Morogoro, kisha akaingia wodini kajitanda kanga mpaka machoni. Muuguzi wa zamu alikuwa Ruqaya, mwanafunzi wake.

"Shikamoo, mwalimu."

Aligeukia ukutani.

"Lete mkono, mwalimu. Ndivyo ulivyotufundisha."

Alipona. Akarudi kufundisha, lakini hilo hakulisema. Siku moja darasani akaulizwa, "Mwalimu, umewahi kukaa na mtu aliyepona kwa umeme?" Akajibu, "Nasikia wapo." Jibu lile lilimtafuna. Alimwambia Nice kwamba tangu siku ile alijiona mnafiki, na aibu haikumwachia hata alipostaafu.

Mwaka huu presha ilimpanda, akafariki tarehe 5 Juni. Kabla ya hapo alimsihi Nice: "Msiniandikie 'aliugua kwa muda mfupi'. Wanafunzi wangu watakuja kunizika. Semeni nilichowaficha."

Kwenye kikao cha msiba kaka yake, Kasmir, aling'aka. "Umeme usomwe mbele ya jeneza? Mnatuvua nguo! Andikeni presha, yatosha."

"Presha ndiyo iliyomuua, mjomba," Nice alisema. "Umeme ulimponya."

Kasmir aliona aibu. Kisha akaomba awe yeye wa kuusoma wasifu huu.

Marehemu ameacha binti, wajukuu wawili na kaka. Wauguzi mlioko hapa, mwalimu wenu alipona kwa tiba ile ile aliyowafundisha. Bwana ampokee, apumzike kwa amani.