Twalha Hilal na Ngozi Iliyoungua kwa Ndani

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni Nasibu, na leo namkumbuka mtu niliyemwonea wivu miaka thelathini. Twalha Hilal, fundi wa mivukuto, tulimzika Ijumaa kule Mkongo. Watu walijaa mpaka barabarani. Nikasimama pale nikajiuliza: mimi je, watakuja wangapi?

Mvukuto ni mfuko wa ngozi unaopuliza moto wa mhunzi. Twalha alimchuna mbuzi bila kumpasua tumbo, ngozi ikavuka nzima kama fulana. Akaikanda kwa mafuta ya ufuta mpaka ikalainika. Mifuko miwili ikapokezana mikononi mwake, huu unashuka, ule unapanda, na moto hauyumbi. Nikishika mimi, moto ulikohoa.

Tulijifunza pamoja kwa Mzee Mfaume, mhunzi wa Mkongo. Mundu ukitoka mzuri, mzee alisema, "Huo ni upepo wa Twalha." Aliyepiga nyundo nilikuwa mimi. Jasho langu, sifa zake.

Mvukuto una sharti moja. Kati ya mdomo wake na bomba la udongo linaloingia motoni, unaacha nafasi ya kidole. Mfuko ukivuta pumzi, uvute hewa ya nje, usivute moto. Kidole kimoja tu. Siku moja wenzangu wamekwenda kuswali adhuhuri, nikausukuma mdomo mpaka ndani ya bomba. Nilitaka moto mkali kuliko wake. Nikavukuta mara nne. Ngozi ikatoa moshi.

Waliporudi, Mzee Mfaume alimgeukia Twalha.

"Ngozi gani hii unanishonea, wewe?"

Twalha akaingiza mkono ndani ya mfuko, akapapasa, akanitazama. "Labda haikukauka vizuri, mzee."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikainama kuokota nyundo yangu.

Habari zikafika hadi Mbwara: mivukuto ya Twalha inaungua. Wahunzi wakaacha kununua kwake. Akahamia Kibiti, kwenye mashine za kukoboa mpunga. Chekeche la mashine linatikisika kutwa, na bomba la bati likiungwa hapo hupasuka. Twalha akashona kiungo cha turubai na ngozi, kimekunjwakunjwa, kinanyumbuka na kuzuia vumbi. Hicho nacho ni mvukuto, maana hujikunja na kukunjuka vilevile. Wenye mashine wakamgombania. Wivu wangu ukanona.

Juzi msibani nikamweleza mjane wake, Bi Hafidha. Nilidhani natoa siri.

"Alijua, shemeji," akanijibu. "Alisema ngozi iliungua kwa ndani. Ingeungua kwa nje, ni cheche. Kwa ndani, mtu kasukuma mdomo."

"Sasa mbona hakusema?"

"Hata mimi nilimwuliza. Akaniambia, 'Mke wa Nasibu ana mimba. Mzee akimfukuza, watakula nini?'"

Basi, wasikilizaji wapendwa, hata hapo kanishinda. Na nasema kweli, bado inaniuma.

Bi Hafidha, pamoja na watoto na ndugu wa Mkongo na Kibiti, poleni sana. Mwenyezi Mungu amlaze Twalha mahali pema. Nawe unayenisikia, kama kuna fundi uliyelitia doa jina lake, mfuate angali hai. Mimi nimechelewa.

Mzee Mfaume, najua redio yako iko wazi saa hizi. Ngozi ya Twalha ilikuwa nzima. Aliyeichoma ni mimi.