Wodi Hii Msiwarudishie

Sogeeni, wanangu, na anayetaka kulia atoke nje amalizie huko, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kushindana na vilio. Mwanangu mkubwa, niinue mgongo. Na wewe uliyesimama mlangoni, mtoto wa shemeji yangu, mwenyekiti wa baraza la kanisa, usijifanye umepita tu kumjulia hali mama yako mkubwa. Najua una karatasi mfukoni. Ingia ukae, usikie yote, usije ukasema nilikusengenya.

Mnataka niweke dole gumba ili wodi hii ya wazazi iliyo hapo jirani irudi kanisani, na Jumapili wageni wafike kutoka ng'ambo, wa misheni ya kwanza na wa misheni ya pili, wapeane mikono mbele ya kamera na kutundika kibao cha kusameheana. Wasameheane, waliopigana ni wao. Lakini ukuta wa kutundikia kibao ni wangu, nami nimekataa, na sikilizeni mjue kwa nini, maana asiyejua alikoangukia hajui pa kujishika.

Vita ilipoanza, mchungaji wetu mgeni, aliyekuwa akitufundisha kwamba mbele ya Mungu hakuna taifa, alipanda mimbarini akamwombea ushindi mfalme wa kwao. Kengele ya kanisa, ambayo waume zetu waliibeba mabegani kutoka stesheni, akaitoa kwa jeshi ikayeyushwe. Kisha akasoma majina ya vijana wa kwaya na wa karakana watakaokwenda kuwa wapagazi, na la baba yenu, fundi seremala wa misheni, likawamo. Nilimfuata ofisini nikamwambia, "Mchungaji, mume wangu ana mtoto anayenyonya." Akanijibu bila kuinua macho, "Mama, kila mtu ana msalaba wake." Msalaba wa baba yenu ulikuwa sanduku la risasi, na alipoanguka nalo njiani, waliorudi waliniambia kwamba sanduku lilipata wa kulibeba, yeye hakupata. Kaburi lake sijaonyeshwa hadi leo.

Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Sisi tulijijua kuwa nyasi. Wamishonari ndio waliojiona tembo, mpaka jeshi la upande wa pili lilipoingia mjini, bendera ikabadilishwa chai haijapoa mezani, nao wakajikuta nyasi wenzetu.

Hapo ndipo, mwenyekiti, baba yako, mpiga kinanda wa kanisa, aliyekula na kuvaa kwa mkono wa mchungaji yule, alipokwenda kwa ofisa wa jeshi jipya akamwambia kwamba mnarani kuna mtambo wa kupelekea habari kwa adui. Mnarani kulikuwa na popo. Ofisa hakupanda kuangalia, kwa kuwa alikuwa akitafuta sababu, naye kaletewa. Mchungaji na mkewe, na Sista Mrefu aliyekuwa mkuu wa wodi hii, wakapitishwa barabara kuu katikati ya bunduki, mchungaji kavaa viatu vya chumbani, watu wakiwazomea, na mimi nilisimama mbele ya duka la fundi viatu nikatazama, na moyo wangu ukatulia. Wiki ile ile baba yako akahamia nyumba ya mchungaji, na bafu lake la chuma akaligeuza ghala la maharagwe.

Sista Mrefu aliniona pale. Nilikuwa msaidizi wake kwa miaka, na hata mimba iliponielemea hakuniruhusu kuketi kwenye kiti chake. Akasimama, askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki, naye akinirushia funguo za wodi akasema, "Wasilaze farasi humo." Hata kwaheri hakusema. Homa ilimmalizia kambini walikofungiwa. Simpendi hadi leo, lakini lile lilikuwa neno la mkunga, nikaliheshimu.

Farasi walilazwa, askari walivunja mlango. Walipohama, mimi na wajane wenzangu, ambao waume zao pia hawakurudi, tuliisugua sakafu kwa majivu na maji ya moto, na wanawake wakaanza tena kuja kujifungua, hatuna mchungaji wala daktari.

Ndipo wakaja wamishonari wa pili, wa taifa lililoshinda. Mkubwa wao akasema ubatizo wetu ni wa adui, tubatizwe upya, na wodi ifungwe mpaka bodi yao ikutane. Alinikuta mlangoni, ndani kuna mama ameshikwa na uchungu. "Funguo," akasema. Nikamwambia, "Ingia basi, umwambie mtoto arudi alikotoka mpaka mmalize kikao." Mama akapiga ukelele, mgeni akarudi kinyumenyume. Naye baba yako, ambaye sasa alikuwa mkalimani wake, akaniita mke wa adui mbele ya watu, mimi mjane wa kaka yake, na neno hilo alikufa hajalifuta. Baadaye misheni ya kwanza nayo ikarudi kudai, zikashitakiana juu ya jengo hili hadi hakimu akachoka, akaliandika kwa jina la anayelitumia, ndiye mimi.

Sasa shikeni. Wodi ni ya mjukuu wangu huyu mkunga, peke yake. Mwanangu mkubwa, usinikunjie uso, wewe chukua nyumba hii na karakana ya baba yako, lakini usimwingilie. Mzazi yeyote apokewe, asiulizwe dini wala kabila. Kibao kisitundikwe. Mkinizika, mgeni wa misheni yoyote asisimame kueleza nilivyokuwa. Na kwenye jiwe langu... lianze jina la baba yenu, apate pa kukaa.

Maji. Kidogo tu... basi. Inamisheni vichwa. Mungu awape mikono isiyochoka, awape... awape kuambiana kweli mezani, sio mazishini.

Wewe, mwenyekiti, usinishike mkono. Kukubariki nimejaribu, ulimi umekataa. Karatasi yako kawashie jiko. Lakini nimesikia binti yako yuko wodini tangu asubuhi. Mjukuu wangu, unafanya nini hapa? Nenda. Kufa hakuhitaji mkunga.

Mtoto akitoka... mwambieni nimembariki. Yeye. Babu yake... bado.