Nikuite Mama Nani?

Kwe! Kwe-kwe-kwe! Usiku wa manane, mwaka mpya haujatimiza hata saa moja, majirani wamekwisha kugonga masufuria yao na kurudi kulala, mama kijana wa chumba cha uani akaruka kitandani roho mkononi. Anakabwa! Mwanangu anakabwa! Akapapasa swichi, taa ikawaka, na lo! Mtoto yuko chali, miguu juu, anacheka. Anacheka kwa sauti, yeye ambaye tangu azaliwe hakuwahi kutoa zaidi ya kilio chembamba kama cha paka. Mama akamnyanyua, akacheka naye, akalia, akafungua kinywa amwite, kinywa kikabaki wazi. Mtoto hakuwa na jina. Au tuseme jina lilikuwepo, ila lilikuwa limefungiwa kifuani mwa mama yake mwezi wa tano sasa. Alizaliwa kabla ya siku zake, mwepesi kama mkate, na mama na baba wakakubaliana: tungoje kwanza, ashike uhai. Uhai ameushika, mashavu yamejaa, muuguzi kasema huyu hana tena neno, lakini mama bado. Aliona kumwita mtoto jina ni kukielekeza kifo mlango wa kubisha. Basi usiku uleule akajiwekea lengo la mwaka, moja tu, dogo kuliko yote: nimwite.

Kulipokucha akambeba, akatoka mbio hadi kwenye benchi la mbele ya kinyozi, maana habari ya kicheko ilimchoma ulimi. Akakuta benchi limekwisha kuwaka. Kinyozi, ambaye kwa wingi wa ahadi zake huitwa Waziri, kasimama na kitana mkononi kama anahutubia. Injinia, fundi baiskeli, kakalia tairi. Mlinzi wa usiku, anayeitwa Saa Sita kwa kuwa hajapata kuwahi popote, kaegemea ukuta. Mama Birika anamimina kahawa.

— Jamani, mnajua usiku mtoto kafanya nini? Kacheka! Kwa sauti! Mimi nikadhani anakabwa, nikaruka, nikajigonga goti hapa, tazameni, kumbe mwenzangu anacheka!

— Hongera, Mama Mtoto! — Waziri akadaka. — Huyo ndiye mwanamume! Kaweka lengo, katekeleza usiku huohuo. Siyo kama huyu. Injinia, rudia lengo lako asikie.

— Nimesema pushapu moja kila asubuhi.

— Moja?

— Moja. Lengo liwe dogo ulifikie. Ukianza na hamsini, siku ya tatu unatafutiwa dawa ya kuchua.

— Na leo umepiga?

— Nusu. Nimeshuka.

— Na kupanda?

— Kupanda ni mwaka ujao. Haraka haraka haina baraka.

— Sasa ulinyanyukaje? — akauliza Mama Birika.

— Mke wangu kanivuta.

Benchi likapasuka kwa kicheko. Mama Mtoto akacheka mpaka mtoto akamtumbulia macho.

— Lengo dogo ni la watu wadogo! — Waziri akapiga kitana kwenye kiganja. — Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sivyo? Mimi kuinama nimekataa. Nimeuza kitanda.

— Umeuza kitanda!

— Mvungu umekwisha! Cha mvunguni nakiona nimesimama. Na mwaka huu naamka saa kumi alfajiri, kila siku ya Mungu.

— Bila kitanda utaamkia wapi?

— Ndiyo siri yenyewe, Mama Birika. Asiyelala hachelewi kuamka.

Saa Sita akapiga mwayo, akainua kidole.

— Nyote mmekosea tarehe. Mimi mwaka wangu nauanza mwezi wa pili.

— Ilimradi uchelewe tu!

— Sikilizeni kwanza. Nyie mnaoanza leo mtachoka wiki ijayo. Mie nikija na nguvu mpya, nawapita mmelala barabarani. Mwaka unaofuata nauanza mwezi wa tatu, ule mwingine wa nne. Nikienda hivyo, ipo siku nitauzunguka mwaka mzima nitokee mbele yenu. Nitakuwa wa kwanza kufika!

Injinia akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaanza upya.

— Jamani, hesabu inakubali!

— Inakubali nini, nyote mna homa, — akasema Mama Birika, akampa mama kijana kikombe. — Hebu tumsikie mwenye akili. Wewe mdogo wangu, lengo lako nini?

Joto likampanda hadi masikioni. Ndiyo hii nafasi, akajiambia, sema, sema sasa hivi.

— Langu dogo, dogo mno, hata naona haya, yaani ni neno moja tu, nataka tu ni... nim...

— Litoe! — Waziri akamhimiza kwa furaha. — Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako!

Injinia akamkanyaga Waziri mguu, lakini methali ikiisha kutoka haina pa kurudi. Hawa ndio waliompokea mama kijana alipotoka hospitali na kifurushi kile cha kupumua kwa shida. Tangu siku ile, kwa huruma tu, hakuna aliyethubutu kuuliza jina. Mtoto wakamwita Bosi, wakamwita Kamishna, wakamwita Mgeni Wetu, na yeye Mama Mtoto, basi.

Akamkumbatia mwanawe kama wanataka kumpokonya. Neno likarudi ndani, kama kobe.

— Nilikuwa natania. Lengo langu nilale mchana.

— Lengo zuri, — Saa Sita akasema kwa upole. — Mimi nalifikia kila siku.

Waziri alikuwa anakikodolea macho kitana chake kama kina kosa.

Ndipo akatokea mwanamke mmoja wa makamo, kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye khanga, kakikumbatia kama mtoto mwingine. Akakitua kwenye benchi kwa kishindo.

— Hamjambo, majirani! Mimi fundi nguo, mpangaji wenu mpya wa chumba cha mkabala. Dada, nimiminie ya moto, mgongo umekwisha. — Akaona mtoto, akainama. — Aa, aa! Mashavu gani haya? Huyu anakupa kazi huyu, mwenzangu! Nikuite mama nani?

Waziri akageukia kioo chake. Injinia akaanza kuzungusha gurudumu lisilo na ugonjwa. Saa Sita akatazama mawingu. Mama Birika akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

— Mbona mmekauka? Kwani nimeuliza umri wenu?

Mama kijana akamtazama yule mgeni. Huyu hakuyaona ya hospitali. Hakuuona mkono ule mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Ameuliza tu, kama anavyouliziwa mtoto yeyote ambaye yupo na ataendelea kuwepo. Maneno yakamtoka yanakanyagana:

— Ninalo! Jina ninalo, sijawahi kulitamka, hata baba yake hajalisikia, yuko safarini na lori, anaingia kesho, na ni haki yake alisikie kabla ya hawa, lakini nikingoja kesho nitaogopa tena, najijua, nitaogopa. Njoo. Sogea hapa.

Fundi akasogeza sikio. Mama akauweka mdomo karibu na shavu la mwanawe, akamwita. Polepole, mara moja.

Mtoto akageuza kichwa.

Mbingu haikuanguka. Hakuna mlango uliobishwa. Akamwita tena, na mara ya tatu akawa anatetemeka kwa furaha, analitafuna lile jina kama kitu kitamu, na benchi zima limekwisha kusimama.

— Nimesikia herufi ya kwanza!

— Muongo wewe!

— Fundi, tuambie, namnyoa mumeo bure mwaka mzima!

— Mie natia mafuta cherehani yako, kila gurudumu!

— Mimi nakulindia mlango, na nitawahi!

Fundi nguo akawatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama mama, aliyekuwa akimwomba kwa macho. Akakaa, akavuta kikombe chake cha kahawa.

— Hapa niliposikia ndipo mwisho, mwenzangu. Mpaka baba yake afike, simwambii mwingine.