Kabati la Vioo

Kwenye kibasi cha kwenda mtaa wa Faisal, Cairo, binti aliyekaa mbele yangu alikuwa amepakata boksi kama kichanga. Hajati mmoja, mama mtu mzima aliyekaa pembeni yake, akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, hicho ni nini?"

"Kadi ya michoro, mama. Ya kompyuta ninayoiunga mwenyewe. Prosesa nimechukua ya bei nafuu, kasha nitatafuta la mtumba, ila kwenye kadi sikujibana. Nachora katuni, nikichoka nacheza gemu." Akashusha sauti. "Hela ilikuwa ya kabati la vioo la vyombo vya harusi yangu. Mama yangu hajui."

Dereva akapunguza redio. Cairo mtu anaweza kuolewa bila mapenzi, lakini si bila kabati la vioo.

"Astaghfirullahi! Majirani wakija kutazama vyombo vya bibi harusi, wataona nini?"

"Wataona ninavyochora."

"Mkweo utamnywesha chai kwenye katuni?"

"Kwani wewe, mama, wageni wako unawapa vikombe vya kabatini?"

Hajati akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Vile vyenye maua ya waridi? Vinangoja mgeni wa maana. Tangu niolewe navifuta vumbi. Hata mimi sijavinywea."

Kibasi kikasimama, watu wakaanza kushuka. Hajati hakunyanyuka. Aliligusa boksi kwa kidole.

"Hiki kidude chako, kinaweza kuchora mwanamke amekaa tu, anakunywa chai yake?"

"Kinaweza, mama."

"Basi kikombe kiwe cha waridi."