Aliyemeza wa Kwanza

Jirani aliwahi kuniuliza: mtu mwenye akili zake anakubalije kumeza kidonge asichokijua? Jibu nililipata jana, ndani ya basi.

Mbele yangu fundi rangi alikuwa akimlalamikia mama mshonaji aliyeketi naye, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea akiwa juu ya ngazi. Zahanati anakochukulia dawa zake za presha wanamtaka kwenye utafiti, naye anakwenda kukataa.

“Mimi nimo,” mama akasema. “Nameza dawa zangu za kawaida, na kidonge kimoja cha utafiti. Huenda ni dawa, huenda ni unga mtupu. Hata daktari hajui.”

“Hajui! Mama, si wamekugeuza ubao wa kujaribia rangi?”

“Nimekubali mwenyewe, mwanangu, na nikichoka naacha. Hizo dawa zinazochungulia mfukoni mwako, nani alikuwa wa kwanza kuzimeza, bila kujua kama zitamfaa?”

Fundi akatoa pakiti yake, akaishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga. Marehemu mume wangu alizimeza hizohizo miaka yote, na katika sala zetu hatukumtaja mtu huyo wa kwanza hata mara moja.

Basi likasimama penye zahanati. Fundi akashuka, pakiti ingali mkononi.