Kitoroli cha Mama Kimya, na Wivu Wangu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Kimya anastaafu baada ya kuitumikia maktaba ya chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa ninasimamia maktaba ya kidijitali, na kuanzia Jumatatu nitaongoza zote mbili. Niseme mapema: ninamwonea wivu.

Alianza kwa kufuta vitabu vumbi, akapanda hadi kuwa mkutubi mkuu wa chumba cha kusomea. Jina la Mama Kimya alipewa na wanafunzi. Hajawahi kumkaripia mtu. Humtazama tu juu ya miwani, na mpiga kelele hunywea mwenyewe.

Kwangu, wanafunzi mia mbili husoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja, tena wakiwa vitandani. Kwake kuna nakala moja na foleni. Lakini foleni hiyo imezaa marafiki, vikundi vya masomo, na ndoa moja iliyoanzia kwenye kitabu cha takwimu. Kwangu hakuna aliyewahi kupata mchumba.

Halafu kuna kile kitoroli. Vitabu vinavyorudishwa havipeleki rafuni siku hiyohiyo; huviacha kwenye kitoroli mlangoni, na wanafunzi huvigombania, maana kila mtu anataka alichotoka kusoma mwenzake. Nami nikatengeneza changu mtandaoni, ukurasa mzima wa vitabu vilivyotoka kusomwa. Aliyeufungua kila asubuhi bila kukosa alikuwa Mama Kimya. Aliangalia, akaingia ghalani, akavitoa vitabu vilevile na kuvipanga mlangoni kwake. Niliumia, jamani.

Kilichonimaliza ni binti yangu. Anasoma hapahapa, na maktaba yangu nzima imo kwenye simu yake. Jioni moja nikamkuta kwa Mama Kimya, kachuchumaa mbele ya kitoroli. Nilipofungua kinywa nimsalimie, binti aliweka kidole mdomoni mwake, akiniashiria ninyamaze.

Hata wasifu huu ulikuwa utoke mtandaoni tu. Wanafunzi wamedai uchapishwe, ili Mama Kimya awasainie nakala zao.

Mama, asante kwa yote. Kitoroli kitabaki palepale mlangoni; binti yangu ameshaapa kwamba nikikigusa tutakosana. Tunakutakia afya, usingizi mnono na maisha mema ya kustaafu. Karibu utusalimie wakati wowote. Ila nakuomba sana, niachie kwanza muhula mmoja, labda watanizoea.