Wakili Aliyeamkia Majirani Kwanza

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuhamisha nyumba kutoka mikononi mwa watu kwenda mikononi mwa watu wengine, wakili wetu mkuu anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Cheti chake cha uwakili kina jina kamili, lakini katika ofisi yetu hii iliyo juu ya duka la rangi hakuna anayelitumia. Sisi tunamwita Shangazi. Wateja wanamwita Shangazi. Hakimu mmoja aliwahi kumwita Shangazi mahakamani, akajirekebisha haraka, na karani akaambiwa asiandike.

Kamati ya sherehe imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ndiye wakili ambaye chumba chake kinapakana na cha Shangazi. Pili, siku ya kikao nilichelewa, nikakuta wamekwisha kunichagua.

Shangazi alipoanza kazi, ofisi hii ilikuwa inashughulikia kila kitu: talaka, matusi, mbwa waliong'ata watu. Baada ya mwaka mmoja wa talaka alimwomba mkuu wa wakati ule ampe nyumba peke yake, kwa kuwa nyumba, alisema, haibadilishi ushahidi ikifika mahakamani. Akapewa, na tangu hapo kila aliyenunua au kuuza nyumba katika mitaa hii amepita mezani kwake, au amepita kwingine na baadaye akaja kwake analia.

Mawakili wengi wakipata faili jipya huketi chini wakasoma. Shangazi alikuwa anasimama. Alivua viatu vya ofisini, akavaa raba alizozificha chini ya meza, akaenda kuiona nyumba yenyewe. Huko alifungua kila bomba, akasukuma kila mlango, kisha akapiga hodi kwa jirani wa kulia na kwa jirani wa kushoto. Ukimuuliza amefuata nini, alisema hakufuata kitu, amekwenda kumwamkia jirani tu. Alirudi ofisini amekunywa chai nyumba mbili na anajua maji machafu yanaelekea wapi, mbwa ni wa nani, na ni ndugu gani wa muuzaji ambaye bado hajaambiwa kwamba nyumba inauzwa.

Dalali mmoja tunayemwita Bwana Upepo, kwa sababu kila nyumba anayoiuza ina upepo mzuri, hakuzipenda raba hizo hata kidogo. Siku moja alikuwa katikati ya sebule akimweleza mnunuzi jinsi nyumba ile ilivyo tulivu, mahali pa mtu kujifungia na familia yake asisumbuliwe na yeyote. Kabla hajamaliza, jirani akaingia kwa mlango wa nyuma na beseni la nguo kichwani, akawasalimu wote vizuri, akatokea kwa mlango wa mbele. Geti lake lilizibwa zamani na hiyo sebule ndiyo iliyokuwa njia yake ya kufika barabarani. Kwenye hati hapakuwa na neno juu yake. Shangazi alikuwa amekwisha kuijua njia hiyo tangu asubuhi na alikuwa anamsubiri Bwana Upepo amalize hotuba. Nyumba ilinunuliwa hatimaye, baada ya jirani kutengenezewa njia yake pembeni.

Tusimpambe kupita kiasi. Yeye mwenyewe aliwahi kufungua mabomba yote ya nyumba moja wakati maji yamekatika, akaondoka kwenda kuamkia majirani bila kuyafunga, na maji yakarudi. Mkataba wa nyumba hiyo ulisainiwa muuzaji akiwa amekunja suruali hadi magotini, mnunuzi ameshika ndoo, na wakili ameshika tambara.

Kuhusu swali ambalo kila mwenye kununua au kuuza nyumba hujiuliza, yaani achukue wakili gani, Shangazi alikuwa na jibu lisilowafurahisha wenye mabango makubwa barabarani. Chukua wa karibu. Asiwe wa dalali, maana dalali anataka mmalize leo. Asiwe wa shemeji, maana hutaweza kumfukuza. Awe mtu anayeweza kufika kwenye nyumba hiyo kwa miguu. Mpigie simu kabla hujampa kazi, uone kama anapokea. Mwombe akutajie jambo moja baya kuhusu nyumba uliyoipenda, na akikosa la kusema, ujue bado hajaenda kuiona.

Mwenye duka la dawa wa mtaa wa pili hakusikia. Alichukua wakili wa mji mwingine, msomi hodari, mwenye sauti nzuri ya simu, ambaye hakuwahi kuikanyaga barabara yenyewe. Kwa kuwa majengo mawili yanayotazamana hapo yote yana geti la bluu, karatasi zikaandaliwa za upande usio wake, na nusura mwenye duka la dawa anunue kliniki ya mifugo. Alikuja kwetu ameshika kichwa. Shangazi hakumcheka. Alimpa kiti, akamtuliza, akaja chumbani kwangu, akafunga mlango, ndipo akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Mwaka huu zamu ikamfikia yeye. Binti yake, mwalimu anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa, alijifungua mapacha, na likizo yake ya uzazi ilikuwa inakaribia kwisha bila mtu wa kuwaangalia watoto. Shangazi aliahidi kuhamia huko. Ili ahame, ilibidi nyumba yake iuzwe, na ili iuzwe, ilibidi naye atafute wakili. Wiki hiyo hakuna aliyechelewa kazini. Alituhoji mmoja mmoja kama alivyowafundisha wateja. Wenzangu walieleza uzoefu wao kwa kirefu. Mimi hakuniuliza chochote. Alinichagua kwa kuwa ninakaa nyuma ya nyumba yake, na kwa maneno yake mwenyewe, "Wewe hata ukizima simu, nitakugongea dirisha."

Alinigongea. Niseme ukweli kwa kuwa anastaafu na hawezi tena kunifukuza: sijapata mteja msumbufu kama Shangazi. Huyu aliyewahimiza watu wasubiri kwa utulivu alikuwa ananipigia simu kutoka chumba cha pili, nikamsikia mara mbili, ukutani na sikioni, akiuliza suala lake limefikia wapi. Hati yake ya nyumba ilipotea, ikaonekana ndani ya friji chini ya mboga, na mpaka leo hajatoa maelezo. Alizisahihisha barua zangu kwa kalamu nyekundu, kisha akalalamika kwamba zinachelewa kutoka.

Wanunuzi walipatikana: nesi na mumewe ambaye ni mwalimu wa udereva, watu wapole sana. Walikuwa wamemchukua wakili kijana wa jengo la mkabala, ambaye zamani alijifunza kazi hapa kwetu. Kwa hiyo kabla hawajasaini aliwaambia kile alichofundishwa na Shangazi: nendeni kwanza mkamwamkie jirani.

Sasa, jirani wa Shangazi upande wa kushoto ni fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Fundi. Wawili hawa wamegombana tangu walipohamia. Asubuhi wanagombania jogoo, jioni wanagombania majani yanayoanguka, na Jumapili wanarudia yaliyowashinda katikati ya wiki. Ukuta kati ya nyua zao umepakwa rangi pande zote mbili, kila mtu upande wake, lakini juu yake haujapakwa hadi leo kwa sababu hawajakubaliana pale juu ni pa nani. Kumbuka kwamba mmoja wao ni wakili wa mipaka.

Nesi na mumewe walikaa kwa Mama Fundi mchana mzima, na walipotoka walikuwa hawaitaki tena nyumba. Aliwaambia bati linavuja juu ya chumba cha watoto. Aliwaambia dirisha la jikoni halifungi mpaka lipigwe ngumi, bomba la uani linakohoa, na upepo ukigeuka, harufu ya mfereji inaingia sebuleni na haina haraka ya kutoka. Aliwaambia hata kwamba mwenye nyumba anaimba bafuni, tena vibaya, jambo ambalo kisheria haliuzwi pamoja na nyumba. Ubaya ni kwamba kila alichosema kilikuwa kweli.

Likizo ya binti ilikuwa imebaki siku za kuhesabika. Shangazi alitoka ofisini bila hata kubadilisha viatu, nami nikamfuata kama wakili wake. Sijapata kumwona amekasirika vile. Alisimama mlangoni kwa Mama Fundi akamuuliza kwa nini anamharibia.

Mama Fundi hakuinua macho kwenye cherehani. "Si wewe uliyefundisha watu waje kuuliza majirani? Wameuliza. Nimejibu."

Shangazi akasema bati linavuja mahali pamoja tu. Mama Fundi akasema ni mahali pawili, na yeye analiona vizuri zaidi kutoka kwake. Wakaendelea hivyo, mimi nikatafuta pa kuegemea, maana naujua utaratibu wao. Kisha Mama Fundi akalishika gurudumu la cherehani, likasimama.

"Na ukishaenda zako huko," akasema, "mimi nigombane na nani?"

Shangazi alikaa kwenye kiti cha wateja, juu ya gauni la harusi la watu, akalia. Mama Fundi naye akalia, huku akimwambia anyanyuke kwenye gauni. Mimi nililia kidogo kwa niaba ya ofisi.

Kesho yake Mama Fundi mwenyewe aliwaita nesi na mumewe, akawazungusha nyumba nzima. Akawaonyesha dirisha linapigwa ngumi wapi, ndoo inawekwa wapi mvua ikinyesha, bomba linatulizwa vipi, na upande gani wa baraza una kivuli mchana kutwa. Akawaambia hii ni nyumba njema, na aliyeishi humo ni mtu kweli, ila wasije wakamwambia. Wakanunua.

Siku ya kusaini Shangazi aliomba kifungu kimoja kiongezwe: mnunuzi atagombana na jirani wa kushoto walau mara moja kwa wiki, kwa nia njema. Huyu ndiye aliyekuwa akiwafutia wateja vifungu vya namna hiyo miaka yote, mmoja akitaka paka abaki na nyumba, mwingine akitaka jina lake lisifutwe getini. Nilimweleza kwamba sharti lake halina nguvu yoyote kisheria. Akaniambia yeye ndiye mteja, mimi niandike. Niliandika. Nesi na mumewe walicheka wakasaini, na Mama Fundi akasaini kama shahidi. Shangazi akachukua likizo yake ya mwisho, akahamia kwa binti yake, na binti akarudi darasani kwa wakati.

Juzi Jumatatu, Mama Fundi alipanda ngazi za ofisi yetu, akakaa mbele yangu, akasema amekuja kushtaki. Mkataba umevunjwa. Yule nesi, alieleza, ni mpole mno. Ukimwambia jogoo wake anakusumbua, anaomba radhi. Ukimwambia majani yake yameanguka kwako, anakuja na ufagio. Mume ndiyo kabisa, anampisha kila mtu. "Nimejaribu, wakili," alisema. "Nimemtukania mpaka mapazia. Akanishukuru, akayabadilisha."

Nilimuuliza kwa nini asimpigie simu Shangazi. Akasema hawezi kuanza yeye, maana yule mwanamke atadhani amemkumbuka.

Kisheria sikuwa na la kumsaidia. Basi nikapiga mimi, nikaweka spika, nikailaza simu mezani. Mama Fundi alifungua kesi kwa kusema bati sasa linavuja mahali patatu. Kutoka upande wa pili, juu ya vilio vya mapacha, sauti tunayoijua sote ikajibu kwamba ni mahali pamoja, tena ni kwa sababu ya matawi ya mti wa Mama Fundi. Nilitoka, nikawafungia mlango. Wafanyakazi wa duka la rangi walipanda kuuliza kama waite msaada. Mama Fundi alipotoka alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kanga na uso umechangamka, akaniagiza faili lisifungwe kwa sababu kesi haijaisha. Tumempa miadi ya kila Jumatatu, na chumba changu siku hiyo hakitumiki kwa kazi nyingine.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila mlango uliotubishia hodi na kila faili ulilotunyang'anya ukatuambia twende kwanza tukaone. Tumekukosa tayari, na mimi zaidi, kwa kuwa ukuta wangu hauongei tena. Huko uliko tunakutakia afya, mapacha wanaokubali kulala, na maisha mema yasiyo na utulivu wa kupita kiasi.

Wageni waalikwa wafahamishwe kwamba Mama Fundi ameomba nafasi baada ya chakula ili aupinge wasifu huu, na mstaafu ameomba nafasi ya kumjibu. Kamati imekubali yote mawili. Viti vyao viko mstari wa mbele, vimegusana, na tunaomba mtu yeyote asikae katikati.